Tende za Udongo

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, ambayo hata leo hunijia kama ndoto ya usingizi wa mchana: darasa letu la Mkokotoni, madirisha wazi, mwanga umelala sakafuni kama maji yaliyotulia. Mwalimu alitubunia mchezo wa soko. Tulifinyanga tende kwa udongo, mchanga ukawa sukari, mbegu za ukwaju zikawa pesa. Kila mmoja alipewa duka lake.

Siku hiyo alikuja Bi Zuwena, mwenye duka la vyakula sokoni, kumtafuta mwanafunzi mmoja amfunze kazi. Baba yangu alikuwa mgonjwa, nami niliitamani nafasi ile kuliko chakula.

Mwalimu akatangaza kwamba Ramadhani ya mchezo imekaribia. Kwa werevu wangu nikanunua tende zote, nikazifunika kwa mtandio. Mwezi ulipoandama, wenzangu wakaja mbio, nami nikapandisha bei mara tatu. Nikamtazama Bi Zuwena, nikingoja sifa.

"Mwenzio aliyekosa tende kafuturu nini?" akaniuliza.

"Bibi, mchezo tu huu! Hakuna aliyefunga."

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka.

"Mchezo kweli. Ndiyo maana hukuificha tabia yako. Akili unayo, mwanangu, lakini kukificha chakula ukangoja watu wadhikike ni dhambi. Na mimi nnauza kwa majirani zangu."

Akamchukua Mwanakheri, ambaye alinunua tende zangu kwa bei ile kali, kisha akawauzia wenziwe waliokosa kwa bei aliyonunulia, bila ya faida. Nililia njia nzima. Baba alinisikiliza kitandani mpaka mwisho, halafu akasema, "Shukuru Mungu. Umekosea kwa udongo."

Ilinichukua miaka kuielewa rehema iliyomo katika maneno yale.

Leo nyinyi vijana wa chuo mnafunzwa biashara kwa michezo ya kompyuta. Mjukuu wangu hunionyesha hoteli yake ya Kendwa, hoteli ya kwenye kioo cha kompyuta, isiyo na chumvi ya bahari hewani: anaajiri wapishi, anapanga bei, anafilisika, anaanza upya. Wapo wazee wenzangu wanaosema ni upuuzi. Mimi sisemi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na heri livunjike mahali ambapo haungui mtu.

Basi, mwanangu, cheza kwa moyo wote. Jifunze kupanga, kusikilizana na wenzio, kukubali kushindwa bila ya kununa. Atakayekuajiri atayatafuta hayo kwako kabla ya cheti. Lakini siku utakapomfukuza mpishi wa kwenye kioo kwa kubonyeza mara moja, simama kidogo ujitazame. Tabia haijui kwamba unacheza.

Mola akujaalie kazi ya halali, akupe na mkubwa wa kazi atakayekuambia kosa lako ungali mbichi, na akupe sikio la kumsikia. Amina.