Pipa Nililotaka Limwagwe Kamachumu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa bia. Mkuu wa Uonjaji, katika kiwanda kidogo cha bia cha Miembeni, alinipangia glasi tano za maji na kuniuliza ipi ilitoka kwenye bomba lenye kutu. Nilikuwa na shahada ya kemia, na nilikosea mara mbili.

"Shahada iache mlangoni," alisema. "Tumeajiri ulimi."

Alinifundisha kwamba bia chungu, ile inayochemshwa na maua makavu ya hopsi, hainywewi kama soda. Ubaridi huficha harufu. Hivyo asubuhi za mvua, ukungu wa ziwa ukiwa madirishani, tulifumbata glasi viganjani mpaka zipate joto. Unanusa, unapiga funda dogo, kisha unameza, kwa kuwa uchungu wa bia hujulikana baada ya kumezwa. Waonjaji wa kahawa hutema. Sisi tulimeza, na wake zetu walilijua hilo.

Mwaka wa tatu nilihamishiwa tawi la Kamachumu, Muleba. Msimamizi wa Tawi alinikabidhi pipa la kwanza la Ma Koku, mama aliyepika lubisi, pombe yetu ya ndizi, tangu ujana wake, lakini kiwandani aliosha chupa. Alikuwa ameomba kujaribu bia chungu ya kimea cha mtama. Pipa likikubaliwa, angekuwa mpishi; likikataliwa, angerudi kwenye chupa.

Alinipokea kwa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa zikiwa na maganda yake. Kwetu Buhaya, kuikataa ni kumkataa mwenyeji. Baridi ilikuwa kali, nami nikatafuna nyingi. Kisha nikaonja, nikatangaza kwamba bia ina uchungu wa kuungua na imwagwe.

Ma Koku aliomba glasi, akaonja taratibu, akaniuliza kwa upole wa Kihaya:

"Mwanangu, waitu, hapo inayosema ni bia au ni kahawa yangu?"

"Msomi, unafundishwa kazi," Msimamizi akacheka.

Nakiri kwamba nilijificha nyuma ya elimu. Nilieleza kirefu jinsi mtama unavyokaangwa kupita kiasi. Ma Koku alianza kukusanya glasi akazioshe. Hapo ndipo aibu iliponishika. Nilimwomba Msimamizi anisubiri hadi alasiri, nikasukutua, kisha nikala ndizi iliyochemshwa bila chumvi.

Mvua ilipokatika nilionja tena. Mtama ulitangulia, mtamu kidogo kama ganda la mkate. Kisha uchungu safi ukapanda, ukanipasha kifua, ukaondoka kwa adabu. Nilisema mbele ya wafanyakazi wote kwamba pipa halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa mdomoni mwangu.

"Sasa umeonja," alisema Ma Koku, akanijazia glasi ya pili.

Mwaka huu daktari ameniondoa kwenye meza ya uonjaji kabla sijatimiza miaka hamsini. Ninyi vijana mliokaa pale mna vipimo ambavyo sisi hatukuvijua, na nafurahi. Vitumieni. Ila msiogope kurudia funda mbele za watu.

Ma Koku sasa ndiye Mpishi Mkuu wa tawi. Wiki iliyopita aliniletea bia mpya, nami nikapiga funda moja nililoruhusiwa. Nikamwambia uchungu umezidi kidogo. Akauliza nimekula nini.

"Maji tu, Ma."

Akaenda kupunguza hopsi.