Dirisha Upande wa Migomba

Nyumba niliyopanga ilikuwa pembezoni mwa Tukuyu, pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea Kisondela. Mimi nilikuwa karani, mgeni kutoka Dodoma, na nilipewa vyumba viwili vya mbele. Vyumba vya nyuma alikaa mke wa mwenye nyumba, binti wa miaka kama ishirini. Mumewe aliendesha lori kati ya Mbeya na Kyela na alirudi nyumbani Jumamosi.

Yule binti alikuwa mjamzito. Wiki ya kwanza tu, tukichambua mboga barazani, aliniambia bila kupunguza sauti, "Mbili zimeshaharibika. Hii nayo ikitoka, dada, mama mkwe atamtafutia mwanawe mke mwingine. Ameshasema."

Wiki hiyohiyo tulikuwa tunatoka bombani na ndoo kichwani. Katikati ya sentensi alishusha ndoo yake, akaacha njia, akachuchumaa kwenye majani akiwa ameipa njia mgongo, kanga imemfunika kichwa chote. Mzee mmoja mwenye fimbo akapita taratibu, akitazama upande wa pili. Alipokwisha kupita, binti akasimama, akajitwika ndoo na kuendelea na sentensi yake palepale alipoiachia.

"Nani yule?"

"Baba mkwe. Sisi hatuonani."

Alinieleza kwamba tangu mahari ipelekwe hawajawahi kutazamana usoni. Kwa baadhi ya majirani mambo hayo yalikuwa yamelegea, hasa kwa watu wa kanisani, lakini katika familia hii bado yalishikwa. Mzee na mkewe waliishi nyuma ya jiko letu, umbali wa hatua thelathini hivi, na kati yetu na wao palikuwa na migomba.

"Na mkionana?"

"Mimba haikai," alisema, akatazama njia.

Jiko tulilitumia wote wawili. Lilikuwa kibanda cha mianzi na udongo uani, lenye mlango mmoja na bila dirisha. Tukuyu mvua hainyeshi kwa msimu kama kwetu. Hunyesha, hupumzika kidogo, kisha hunyesha tena, kwa hiyo kuni zilikuwa mbichi mwaka mzima. Moshi ulijaa humo mpaka ukawa hujui kama sufuria inachemka ila kwa kusikiliza. Masizi yalining'inia kwenye bati kama nyuzi. Binti alikohoa akipika na mimi nilikohoa nikisubiri zamu yangu.

Niliamua kulitengeneza, kwa kidogo nilichokuwa nacho. Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena. Misumari ilimwagwa kwenye boksi mbele ya duka, ukachagua mwenyewe bila kibali cha mtu. Chokaa ilipatikana, na plastiki za maua za kufunika meza zilivuka mpaka kutoka Malawi. Makasha mabovu ya chai niliyageuza rafu. Matofali yaliyobaki kwa jirani tukayapanga kuinua mafiga kutoka chini. Ghala la zamani lilikuwa linabomolewa karibu na soko, na hapo nikapata fremu ya dirisha yenye mlango wake wa mbao, nzima kabisa.

Mwenye nyumba alicheka nilipomwomba ruhusa. "Karani, unanijengea nyumba bure. Toboa."

Fundi alikuwa mzee wa mjini, mtu wa kofia na msumeno, ambaye babu yake alitoka pwani. Alitazama ukuta, akanitazama mimi. "Binti, unataka jiko au sebule?"

"Nataka kupumua."

"Upande gani?"

Nilimwonyesha ukuta wa nyuma, ambako mwanga wa asubuhi ungeingia na upepo usingeleta mvua.

"Huko kuna mzee."

"Kuna migomba."

Alichungulia kwa nje. Migomba ilisimama minene, imebanana, huoni hata bati la nyumba ya pili. "Haya. Wewe ndiye mpangaji," akasema, akaanza kukata mianzi.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nimelirudia kichwani mara nyingi. Dodoma mti ni mti. Mbuyu alioukuta babu yako utauacha wewe. Niliihesabu ile migomba kama ukuta.

Tulipokwisha kupaka chokaa, jiko liling'aa mpaka kuku walisita mlangoni. Mama mkwe alikuja kuona. Hakuvuka kizingiti. Alitazama rafu, akatazama mafiga, kisha akalitazama dirisha kwa muda mrefu kuliko vyote.

"Ndaga," alinishukuru. "Linaona mbali, dirisha lako."

Siku za kwanza binti alipika akilipa dirisha mgongo. Baadaye akazoea, akawa anachagua mchele kwenye mwanga wake. Kikohozi kilipungua. Tumbo lilikua.

Kisha magari ya Dar yakaanza kufika hadi mtaani kwetu kununua ndizi. Zamani mikungu ilikwenda sokoni mmojammoja kichwani. Sasa lori lilisimama barabarani kila Alhamisi na kuondoka limejaa. Mzee alikata na panga lake tangu asubuhi. Niliona kwamba akiondoa mkungu anaangusha na shina lake.

"Mbona anakata mti wenyewe?" nilimuuliza binti.

"Mgomba ukishazaa hauzai tena, dada. Unakatwa." Akanitazama. "Kwenu haukatwi?"

"Kwetu haupo."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Mtu mzima hajui mgomba."

Alhamisi ya pili niliona kona ya bati la mzee. Ya tatu niliona mlango wake. Ya nne, kigoda chake cha mlangoni, kikiwa kitupu. Machipukizi yalikuwepo, lakini yalifika magotini tu.  Binti alitundika kanga kuukuu kwenye dirisha, na mlango wa mbao tukauacha wazi nyuma yake ili moshi utoke. Nikaona inatosha.

Kanga ile ilishika masizi haraka. Alhamisi ya tano, kabla sijakwenda kazini, niliitoa nikailoweka kwenye ndoo. Binti alikuwa bado chumbani kwake. Nilikwenda kutafuta nyingine kwenye sanduku langu, na haikunichukua muda mrefu. Niliporudi nayo mkononi, yeye alikuwa amesimama kando ya mafiga, ameshika sufuria ya uji. Nje, katikati ya visiki, mzee alikuwa amesimama na panga, uso wake umeelekea dirishani. Hakuna aliyetikisika. Kisha binti akaweka sufuria sakafuni polepole, akanipita mlangoni, akaingia chumbani kwake na kufunga.

Sikwenda kazini asubuhi ile, na mama mkwe alifika kabla ya saa nne.

"Nani alitoa kitambaa?"

"Mimi, mama."

"Ulikitoa wewe."

"Nilitaka kukifua."

"Ndiyo. Kilikuwa kichafu." Akaondoka.

Siku hiyohiyo fundi alipigilia mbao dirishani. Haikusaidia. Binti hakuingia tena jikoni. Alipika nyuma ya nyumba chini ya upenu, mvua ikimpiga ubavuni. Njia ya bombani ilipita karibu na mlango wa mzee, kwa hiyo sasa alichota mtoni, akapanda kilima na ndoo. Nilimpeleka kliniki. Nesi alimwambia apumzike na asibebe mizigo. Nilimfikishia mama mkwe maneno hayo kama yalivyo.

"Manesi ni watu wazuri," alijibu.

"Nitakuchotea mimi," nilimwambia binti.

"Acha tu, dada. Tumeshaonana."

Nilichota asubuhi na jioni, lakini mchana nilikuwa kazini. Siku ya kumi na moja damu ilitoka. Jumamosi mumewe alirudi, akapakia godoro na sanduku la mkewe kwenye lori, wakaondoka kwenda kwa wazazi wa binti, naye binti amekaa mbele amejifunika kanga. Hakuna aliyenilaumu. Walinisalimia kama kawaida, na hilo ndilo lililonifanya nianze kutafuta nyumba nyingine.

Kabla sijahama, mzee alikuja barazani kwangu. Hatukuwahi kuzungumza. Nilipomletea kiti alikipapasa kwanza kabla ya kukaa, na macho yake niliyaona kwa karibu, yote mawili yamefunikwa na utando mweupe.

"Ng'ombe nilikuwa nimeshamtenga," alisema. "Mtoto angezaliwa, ningempa yule binti, tungesalimiana. Mwiko ungekwisha."

Nilikaa kizingitini.

"Siku ile mimi niliona weupe tu, mwanangu. Weupe wa chokaa. Mtu sikumwona."

"Umewaambia, baba?"

"Nimewaambia. Wanasema yeye aliniona."

Aliisimamisha fimbo katikati ya magoti. Kisha akaniuliza kama binti alikuwa mrefu au mfupi.