Soksi Alizokunja Baldo

Mimi mchezo huu wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia vyote kwa mpigo sijawahi kuuelewa, na nimeuuzia uji tangu ulipoanza kuja hapa kwetu Subic, Ufilipino. Watu wazima, wana kazi zao, wana watoto wao, wanaamka jogoo hajajinyoosha, wanajitosa baharini na nguo za kubana, halafu wakitoka wanagombania soksi. Ndiyo, soksi! Ukitaka kuona mtu na heshima zake anatokwa na povu mdomoni, njoo kibandani kwangu Jumamosi baada ya mazoezi, uulize kama siku ya mashindano ni bora kuvaa soksi au kuziacha.

Gani kinyozi ndiye mkuu wa wasiovaa. Yeye anapaka mafuta ya mgando kwenye visigino, anamwaga poda ndani ya viatu, basi. "Soksi ni za watoto wa shule," anasema huku uji wangu unamwagikia kifuani. "Mguu umelowa, wewe umekaa chini unavutana na kitambaa, wenzako wameshakata kona!"

"Na wewe ukimaliza mbio viatu vyako vinanuka kama bucha," Minda alikuwa anamjibu, na kibanda kizima kinacheka.

Huyo Minda, jina lake zima Luzviminda, ni jirani yangu ukuta kwa ukuta. Fundi cherehani, anashona sare za shule. Mwili umekomaa, mapafu anayo, lakini visigino vyake, jamani, kama vya mtoto mchanga. Akikimbia bila soksi malengelenge yanatoka kabla jasho halijatoka. Kwa hiyo kwake yeye hapakuwa na mjadala. Alivaa soksi, na soksi zenyewe alikuwa anakunjiwa na mumewe.

Baldo alikuwa mchomelea vyuma kwenye karakana ya meli. Naye alikimbia zamani, mpaka goti likamkatalia, akabaki kuwa mpambe wa mkewe. Sasa, mchezo huu una sheria moja ya roho mbaya: mtu wa nje haruhusiwi kumsaidia mshindani. Usimguse, usimpe kitu, usimshikie hata kofia. Mashindano yakianza, mume anabaki nyuma ya uzio kama mtu mwingine yeyote. Ndiyo maana siku za kuelekea mashindano Baldo alikuwa anakaa mlangoni pao na kopo la poda, anapaka soksi kwa ndani, anaziviringisha kuanzia juu mpaka zinabaki vidole tu, nene kama kata ya kubebea ndoo, anazitumbukiza kwenye viatu. Minda akishuka kwenye baiskeli, anaingiza vidole, anavuta mara moja, soksi imepanda. Ule ndio ulikuwa msaada pekee wa Baldo uliovuka uzio, na hakuna mwamuzi aliyeweza kumfukuzia.

Ila alikuwa na kasoro yake. Soksi za mbio huwa na alama shingoni, hii ya kushoto, hii ya kulia, na ukishazikunja alama inazama ndani haionekani. Baldo alikuwa anakaa viatu vimemtazama yeye. Kushoto kwake ndiko kulia kwa mwenye viatu. Basi kila mashindano, kila mashindano, soksi zinatoka zimebadilishana! Minda akianza kukimbia, akipita pale kwenye uzio, anapayuka mbele za watu: "Baldo! Umebadilisha tena!"

Na Baldo, mikono hewani kama mtu aliyesingiziwa wizi: "Mimi? Miguu yako ndiyo imebadilishana!"

Mtaa mzima tulikuwa tunasubiri hapo. Wengine walikuja mashindanoni kwa ajili ya hilo tu.

Mwaka jana Baldo alizikunja mapema, maana alipangiwa zamu ya mwisho wa wiki. Ijumaa moyo ukasimama, yuko kazini, kofia ya kuchomelea iko usoni bado. Jumapili ya mashindano sisi tulikuwa tumekaa na maiti sebuleni kwake, napitisha kahawa na biskuti, na kipaza sauti cha huko ufukweni kinasikika kinaita majina ya wanaomaliza. Minda alikuwa ameshika rozari anatazama mlango. Nyuma ya mlango ulining'inia mfuko wake wa mashindano, umefungwa tayari, viatu ndani, soksi ndani ya viatu. Siku tisa za sala zikapita, watu wakarudi makwao, mfuko ukabaki palepale.

Na Minda naye akabaki. Binti yao mmoja, Jonalyn, ni muuguzi Dubai, anapiga simu Ijumaa, analia kidogo, anakata. Kupitia ukuta nilikuwa namsikia Minda anaongea na cherehani. Anaiambia, "Polepole basi, unakimbilia wapi?" Halafu kimya. Nilimkaribisha kula kwangu, anakuja, anakula, anasema asante, anarudi kukaa peke yake. Upweke wake ulikuwa unanikera, nasema kweli, kwa sababu nilikuwa siwezi kuufanya chochote.

Mwaka ulipotimia akavua nguo nyeusi, na wiki hiyohiyo akajiandikisha mashindano. Nikafurahi mno. Akaja kibandani asubuhi, nikamjazia bakuli.

"Umejiandaa?"

"Nimejiandaa."

"Soksi Jonalyn kakutumia, nimeziona. Hazina mshono hata mmoja. Siku hiyo utateleza tu."

"Hizo ziko kabatini." Akakoroga uji. "Zangu ziko kwenye viatu."

"Zipi?"

"Alizokunja Baldo."

Mwiko ukasimama mkononi mwangu. "Za mwaka jana? Hujazitoa?"

"Nizitoe nizipeleke wapi?"

"Sasa utazivaa?"

"Sijui, Chayong. Nikizivaa zitakunjuka. Na nani atazikunja tena?"

"Si uvae za Jonalyn!"

"Nikunje mwenyewe?" Akanitazama kama nimemtukana. "Soksi za mashindano alikuwa anakunja yeye. Siku nikikaa pale mlangoni na kopo la poda, nitakuwa nimekubali. Bora nikimbie bila."

"Na visigino vyako hivyo? Hufiki hata nusu! Minda, ni soksi! Ni vitambaa!"

Alimaliza uji, akasuuza bakuli mwenyewe, akaenda zake. Mimi nikaunguza vitunguu saumu vya kutia juu ya uji sufuria nzima, na kila mteja aliyeuliza nilimfokea.

Gani aliposikia Minda anafikiria kukimbia bila soksi akashangilia utadhani kashinda uchaguzi. "Hatimaye umeokoka, dada yangu! Karibu kwa watu wazima!" Akamletea na mafuta ya mgando, kopo jipya. Minda akacheka kwa adabu, akayapokea. Hakumwambia kitu, na mimi sikufungua mdomo, ingawa ulikuwa unaniwasha.

Siku ya mashindano mtaa wetu ulipewa meza ya maji, pale njia ya kukimbia inapopita karibu na uzio wa maegesho ya baiskeli. Njia inazunguka mara tatu, kwa hiyo kila mtu ungemwona mara tatu. Kuogelea akamaliza vizuri. Baiskeli akamaliza vizuri. Alipoingia kuegesha nikaacha jagi, nikaenda kuchungulia.

Akakaa chini. Akavuta viatu. Akazitoa zile soksi, moja huku, moja huku, akaziweka mapajani, akazitazama. Halafu akainua macho kwenye uzio, pale alipokuwa anasimama Baldo. Palikuwa na familia ya watu wa Manila na ngoma yao, wanamshangilia mtoto wao, watu wazuri tu, hawajui kitu. Wenzake Minda walikuwa wanaingia na kutoka wanampita. Akachukua kifuko cha plastiki, akazitia soksi zikiwa zimekunjwa vilevile, akakichomeka kwenye mfuko wa mgongoni wa nguo yake, akavaa viatu miguu mitupu, akaenda.

"Mpumbavu," nikasema, na machozi yananitoka.

Mzunguko wa kwanza alipita anatabasamu. Wa pili jua lilikuwa limeshatukalia vichwani. Wote walikuwa wanajimwagia maji ya barafu, na maji hayo hayana kwingine kwa kwenda, yanateremka miguuni mpaka ndani ya viatu. Nikaona nyuma ya kiatu chake pamekuwa pekundu.

"Vaa soksi, we mwanamke!" nikapiga kelele.

"Nipe maji," akasema, akapita.

Gani alikuwa ameshamaliza, kashika nazi anakunywa, akacheka: "Mwache azoee!" Nilimtazama jicho ambalo liliikatisha ile nazi katikati ya funda.

Mzunguko wa mwisho alikuja anatembea. Anatembea kwa kingo za nyayo, mikono imetanuka, kama mtu anayevuka mto kwenye mawe. Alipofika mezani kwetu akakaa ukingoni mwa barabara. Akavua viatu. Yesu na Maria! Visigino vilikuwa vimechunika.

Mwamuzi wa pikipiki akasimama. Kijana mstaarabu. "Mama, muda umebaki kidogo. Ukitaka kuacha nipe namba yako, gari linakuja kuwachukua waliochoka. Hakuna aibu."

"Nasubiri kidogo," Minda akasema.

Nikachuchumaa, nikanyoosha mkono kwenye mguu wake. Mwamuzi akaniwahi: "Shangazi, usimguse. Ukimgusa ametoka mashindanoni. Mpe maji tu."

Basi nikasimama na jagi langu kama sanamu la kanisani. Rafiki yangu yuko chini hapo, mkono wangu unamfikia, na siruhusiwi. Ndipo nilipojua Baldo alikuwa anasikia nini nyuma ya ule uzio miaka yote ile.

Minda akatoa kifuko. Akakiweka kiganjani.

"Nikimaliza mbio hizi, nimezimaliza zile alizonifungia mfuko," akasema, si kwangu hasa. "Na nikizivuta hizi, Chayong, hakuna tena kitu chake ambacho hakijamalizwa."

Nilitaka kumwambia jambo la upole. Likatoka kwa ukali, ndivyo nilivyoumbwa. "Minda, alikuwa anazikunja ili zivutwe! Hakukupa pambo la kabatini. Alikuwa anajua visigino vyako vitakuuma na yeye yuko nje! Sasa vinauma, na yeye yuko nje. Zivute!"

Mwamuzi akaangalia saa, akaangalia pembeni.

Minda akachukua ya kwanza, akaingiza vidole, akavuta. Mara moja tu, ikapanda mpaka shingoni, na poda ikamwagika kwenye lami, nyeupe, na harufu yake ikaja mpaka mezani. Ilikuwa harufu ya mlango wao. Akachukua ya pili, akavuta. Akashika kiatu. Halafu akasimamisha mkono, akainama kuangalia kifundo cha mguu huu, akaangalia cha mguu ule.

Akageuka kwenye uzio, akapayuka kwa sauti yake yote, ile sauti ambayo mwaka mzima sikuisikia:

"Baldo! Umebadilisha tena!"

Watu wa Manila wakaacha ngoma. Mwamuzi akaniuliza kwa kunong'ona kama mama ana akili timamu. Minda alikuwa bado anatazama uzio, kidevu kimeinuka, kama anavyosubiri mtu kujibiwa. Jibu nilikuwa nalijua. Mtaa mzima pale mezani tulikuwa tunalijua, na nikamwona Gani amefungua mdomo, akaufunga, akaweka nazi chini. Halikuwa letu.

Minda akafunga kamba za viatu. Akasimama. Akacheka mara moja, cheko fupi, akapangusa uso kwa mkono wenye poda, akaanza kukimbia. Soksi zimebadilishana hivyohivyo.

Alimaliza muda ukiwa unaishia, kipaza sauti kikaita jina lake lote, Luzviminda, na nikafurahi, na nikamhurumia, kwa sababu pale mwisho kila aliyefika alikuwa na mtu wa kumkumbatia na yeye alisimama akaangalia huku na huku, akajishika kiuno mwenyewe. Nilipofika mbio na matiti yangu haya na jagi mkononi alikuwa ameshakaa chini. Gani alimletea maji. Kuhusu soksi hakusema neno, na tangu siku ile ukimtajia habari hizo kibandani anauliza chumvi iko wapi.

Juzi nilikuwa natoka kumwaga maji nje nikamwona. Kakaa mlangoni pao, pale pale, na kopo la poda, soksi mpya za Jonalyn ziko mapajani. Viatu kaviweka mbele yake, vimemtazama. Anapaka, anaviringisha polepole, vidole bado havijazoea, inamfunguka, anaanza upya. Hakuwa analia. Ilipokamilika akaitumbukiza kwenye kiatu.

"We Minda," nikamwambia, "unakosea. Hicho ni cha kulia."

"Najua," akasema, akachukua ya pili.