Malaika wa Mgodini Juu ya Kichwa cha Mama Odile

Mama Odile, muuza samaki wakavu wa Kolwezi, aliongoza kwaya ya parokia yake bila mpinzani mpaka sauti yake ya juu ilipoanza kupasuka. Kila alipokosea, Tatiana, mwimbaji kijana mwenye sauti safi ya juu, aliangalia dari. Minong'ono ikaanza: Pasaka hii kiongozi abadilishwe.

Ndipo malaika akafika.

Kwaya ilikuwa ikipiga video juu ya kilima, kama kwaya za huko zipendavyo: sare za kitenge mbele, ngazi za udongo wa mgodi nyuma. King'ora kikalia, mgodi ukalipua mwamba. Mignonne, mpiga video, alipoirudisha picha polepole, wote waliona upinde mwembamba ukipanda angani na kupita juu ya kichwa cha Odile. Nyaya za umeme nyuma yake zikapinda, kisha zikanyooka.

"Ni malaika! Mungu amechagua," Odile akasema, akitengeneza kitambaa chake cha kichwa.

Mignonne akamvuta pembeni. "Mama, haiko malaika. Mulipuko unasukuma hewa, hewa inabanana, na mwangaza ukipita mule unapinda. Sawa vile ukuta unachezacheza ukiuangalia juu ya mbabula ya makaa ya moto."

"Nimesikia, mwanangu. Usiambie mutu."

Lakini Tatiana hakuwa mjinga. "Mulipuko ingine, mi nitasimama pale pale," akasema. "Tuone kama huyo malaika anajuaka majina."

Odile akaona mtego. Yeyote atakayesimama kati ya kamera na shimo la mgodi atapata upinde wake, na Tatiana atavikwa taji mbele ya kwaya nzima. Akatabasamu kama muuzaji anayepunguza bei kwa hiari.

"Muzuri sana. Lakini malaika hana ubaguzi. Tata Benoît, jirani ya parokia, alete mbuzi yake, asimame pembeni ya Tatiana."

Siku ya mlipuko ikafika, mbuzi naye akafika, akitafuna. Kishindo kikapita. Kwenye video upinde ukampita Tatiana, ukampita mbuzi, ukapita na paa la choo bila kupunguza heshima.

"Basi mbuzi aongoze Pasaka," akasema Tata Muteba, mzee wa kwaya mwenye sauti nzito, na kilima kizima kikacheka.

Sasa malaika hakuwa wa mtu. Ilibaki kuimba tu, pale pale, katika vumbi lililokuwa likiwashukia. Tatiana akafungua kinywa, akakohoa mpaka machozi. Odile, aliyezoea kuita wateja huku akimeza vumbi la malori ya barabara ya Fungurume, akaimba ubeti mzima. Haukuwa mzuri, lakini ulifika mwisho.

"Pasaka ni yako, mama," Muteba akakata shauri. "Ila ile nota ya juu, achia Tatiana."

Odile akamtazama Tatiana aliyeinama, mikono magotini.

"Nitamuachia. Tumupatie maji kwanza."