Chakula cha Saa Saba Mchana

Kila Ramadhani ikikaribia nawaambia wakubwa wangu wa kanisa jambo lile lile: jiko letu hapa Matondoni huwapikia wazee Waislamu, na Waislamu wakifunga hawali mchana. Jamani, hili nalo lataka semina? Kila mara najibiwa kwamba mpango umeandikwa chakula ni saa saba mchana, na mfadhili ameshaupitisha.

Mwaka huu nilichoka. Nikahamishia mapishi magharibi bila ruhusa ya mtu, liwalo na liwe. Kuna Bi mmoja kipofu, hana mume wala mtoto, na sahani yetu ndiyo sahani yake. Jiko likifungwa, sijui atakula nini.

Basi mwenyekiti wa huduma akaja kutoka bara na wenzake wawili, kutazama "mustakabali wa huduma zetu." Wakafika saa saba, kamera shingoni, wakitarajia kula pamoja na wazee. Mabenchi matupu, jiko baridi.

"Dada, walengwa wako wapi?"

"Wamefunga, Mwenyekiti."

"Wote?"

Ee Mungu, nipe subira! Nikamweleza upya, polepole, kama namfundisha mtoto irabu. Akatikisa kichwa, akayapiga picha mabenchi.

Walipotaka kuondoka, maji yalikuwa yamekupwa, boti yao imekaa kwenye matope. Mikahawa yote imefungwa. Mchana kutwa mwenyekiti alilalamikia tumbo lake, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Adhana ya magharibi ikalia, wazee wakajaa. Yule Bi akasikia kuna mgeni ana ndaa, hajala tangu asubuhi. Akapapasa, akamsogezea tende zake, kisha uji, kisha sahani nzima ya muhogo wa nazi. "Karibu, mwanangu. Kula." Mwenyekiti akala mpaka akalamba vidole. Nikasema moyoni, haya, leo ameelewa.

Wiki iliyofuata ukaja ujumbe: jiko lisimame "kwa kukosa walaji." Mwenyekiti ameambatisha picha ya mabenchi.

Nilipiga meza mpaka vikombe vikaruka. Walaji! Na yeye alikuwa nani? Halafu nikaenda kupika kwa unga uliobaki, maana jioni haingoji hasira zangu. Yule Bi alipoletwa, nilikuwa bado natafuta maneno ya kumwambia, akaniwahi yeye.

"Yule mgeni alifika salama?"

"Alifika, Bi."

"Alhamdulillahi. Alikuwa na ndaa, masikini."