Koplo wa Bama na Mzee wa Suwaidi

Baba yangu alipigana vita vya pili vya dunia huko Bama, yaani Burma, akiwa koplo katika jeshi la Mwingereza. Bunduki walikuwa nazo sawa, yeye na Wazungu, lakini Mzungu alilala kitandani ndani ya hema, baba akalala kwenye matope. Na sajini wake Mzungu alimwita "boi". Mtu mwenye ndevu na mke! Basi baba akaamua kwamba akiitwa boi haitiki. Anasimama wima, anatazama mbele, mpaka aitwe koplo. Walimsimamisha juani na jiwe kichwani, siku baada ya siku. Haitiki. Halafu siku moja msituni sajini akapigwa risasi ya paja, akalala akilia boi, boi, na baba akasimama wima nyuma ya mti, risasi zikipita, mpaka yule Mzungu aliposema koplo. Ndipo akambeba mgongoni hadi kambini.

Hivyo ndivyo alivyotusimulia. Sisi watoto tukaufanya mchezo, mama akitutuma kuni hatuitiki, mpaka alipotuonyesha mwiko. Mimi shule niliacha darasa la tatu, lakini hadithi hiyo sikuiacha.

Miaka ile ajenti walipokuwa wakizoa watu kupeleka Saudia, nilikuwa mtu mzima wa mvi. Nilipaka nywele rangi nikaenda. Riyadh nikawa dereva katika nyumba moja ya mtaa wa Suwaidi. Bosi hakuwa mbaya, na wali ulikuwa mwingi hata nikaota ugali. Shida ilikuwa baba yake, mzee aliyepooza miguu. Nilimbeba kutoka kitandani hadi kwenye gari, na kutoka kwenye gari hadi kiti cha magurudumu, kwenda kliniki. Aliniita "abdi", yaani mtumwa. Miezi mingi niliitika tu, huku nikimwonea haya baba yangu aliyekuwa mbali.

Kisha ndugu yangu akapiga simu: baba ameacha kula, njoo. Nikamwomba bosi karatasi ya kutoka, maana ndiye kafili wangu, mdhamini, na pasi alikuwa nayo yeye. Akasema mzee akiridhika na mimi, nitakwenda. Kwa hiyo safari yangu ikawa mdomoni mwa yule mzee.

Na mimi, sijui nilirogwa na nani, nikachagua wiki hiyo hiyo kuwa mkaidi. Tulifika kliniki saa sita mchana. Nikafungua mlango wa gari.

"Yalla, abdi," akasema.

Nikasimama wima, mikono mapajani, macho kwenye nguzo ya taa. Akaita tena. Akaita mara ya tatu, watu wanapita wanatutazama. Moyoni najiambia, kwaheri karatasi, kwaheri baba. Mzee akashikwa na hasira, akataka kushuka mwenyewe, akaanza kuteleza kutoka kwenye kiti. Hapo sikufikiri. Mikono ilikwenda yenyewe nikamdaka. Alikuwa mwepesi, mifupa mitupu, ananuka udi. Kichwa chake kikiwa begani mwangu ndipo aliposema kwa sauti ndogo, "Sawag." Yaani dereva.

Karatasi niliipata wiki iliyofuata. Mzee alimwambia nini mwanawe, sijui mpaka leo. Lakini sikufurahi. Niliikasirikia mikono yangu njia nzima.

Nyumbani nilimkuta baba kitandani, amebaki macho tu. Nikamweleza yote, nikamaliza hivi: "Nilishindwa, baba. Nilimbeba kabla hajaniita vizuri."

Akaniashiria nisogee karibu.

"Yule sajini," akasema, "hiyo koplo aliisema akiwa mgongoni kwangu tayari. Tena tumekwenda mbali."

"Na miaka yote hii ukatuambia ulingoja?"

"Nilitaka kungoja." Akacheka, kikohozi kikamkamata, nikamwinua akae. Alikuwa mwepesi kama yule wa Suwaidi. "Usimwambie mama yako," akasema.

Mama alikuwa kaburini miaka mingi. Nikamwahidi.