Mchanga Niliokataa Kufuta

Mama yangu alikuwa na miiko mingi, mingine nimeisahau, lakini huu ninao: mtu wa nyumbani akisafiri, kiwanja hakifagiwi mpaka afike aendako. Tulimcheka. Alikuwa pia anaongea na kuku wake, lakini hayo si ya leo.

Tulipokimbia Burundi, mimi ndiye niliyetembea nyuma ya wote, nikiburuta tawi la mkaratusi kufuta nyayo zetu, wanaotuwinda wasitupate. Nilifanya kazi safi. Njia ilipogawanyika, nikafagia na pale. Mdogo wangu, mwanaume mzima mwenye mke, alikuwa amerudi kuchukua sufuria. Alisema atatufuata kwa nyayo. Nilikumbuka tukiwa mbali. Hatukumuona tena, na miaka yote hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, sikumwambia mtu kwamba nilifagia.

Basi uzeeni, Mwislamu mmoja wa Kakiika, kule Mbarara, niliyekuwa namuuzia maharage, akanitafutia kazi kwenye kisiwa cha tajiri katika Ziwa Viktoria. Pale hapakatwi mti wala hapavuliwi samaki, ni ndege na nyani tu. Nyuma ya msitu kuna ufuko umejificha. Kila asubuhi niupitishie reki, mgeni akifika aone kama hakuna mtu aliyewahi kukanyaga. Kazi zote duniani, mimi nikapewa hiyo.

Asubuhi moja nikakuta nyayo za mtu, peku, zimetoka msituni zikaingia majini. Za kurudi hakuna. Mguu wa kushoto hauna kidole kidogo. Mdogo wangu chake alikikata kwa jembe.

Nikawaomba wafanyakazi wote wavue viatu.

"Mzee, leo ni Alhamisi Kuu, unataka kutuosha miguu?"

Walicheka, lakini wakavua. Vidole vyote vilikuwepo.

Msimamizi akaja mbio. "Mzee, wageni iko kwa boti. Futa hiyo miguu!"

"Ssebo," nikamwita bwana kwa lugha ya kwao, "uniachie ya leo tu."

"Kwani ni ya nani?"

Nikasogea, nikasimama kati yake na zile nyayo.

"Futa, ama natafuta mwingine."

"Basi mtafute, ssebo. Mimi nilishafuta mara moja."

Nikalaza reki, meno chini, isimchome mtu. Nikapita pembeni ya zile nyayo bila kukanyaga hata moja, mpaka kwenye mtumbwi ulioleta mboga. Sikurudi tena.